Goti la Herakle

Waimbaji wanaozunguka katika nyumba za wakubwa na vinanda vyao husimulia habari za mazizi ya mfalme Augea kana kwamba siku ile nchi nzima ya Elisi ilikuwa na watu wawili tu, Herakle na mto. Mimi nilikuwapo. Tena sikuwapo kwa kutazama kwa mbali. Kuanzia kabla ya adhuhuri hadi jua lilipoanza kuinama nilikuwa nimeng'ang'ania goti lake la kushoto, na hakuna mwimbaji hata mmoja aliyewahi kuja kuniuliza goti lile lilikuwaje. Lilikuwa gumu kama kizingiti. Basi nitasimulia mwenyewe, na kwa utaratibu.

Jina langu ni Timandro. Nina shamba la shayiri na mizeituni arobaini katika kijiji kilicho ukingoni mwa mto Alfeo, chini ya mazizi ya mfalme. Siku ile ilikuwa siku ya harusi ya binti yangu Melito. Mwezi ulikuwa umetimia, kondoo alikuwa amechinjwa tangu alfajiri, na kilichobaki kilikuwa maji tu.

Kwetu bibi harusi haolewi kabla ya kuoga maji ya mto, wala si maji ya mahali popote. Ni ya kivuko chetu, penye jiwe jeupe, palepale yalipochotwa ya mama yake na ya bibi yake. Huchotwa kwa mtungi mrefu wenye shingo nyembamba na masikio mawili, na mama wa bwana harusi husimama akishuhudia kwa macho yake. Yakipatikana kabla jua halijazama, ndoa ipo. Yasipopatikana, bibi harusi anavua shada la maua, kila upande unarudisha zawadi, na wanawake wana la kuzungumza mpaka mavuno.

Bwana harusi alikuwa Agelao, kijana mpole mwenye mabega mazuri na sauti ndogo. Sauti ilikuwa ndogo kwa sababu ya mama yake, Praksithea, mjane aliyezoea kusema kwa niaba ya nyumba nzima, pamoja na mbwa. Praksithea alikuwa amemtakia mwanawe msichana mwingine, wa kule milimani, ambaye baba yake alikuwa na mbuzi wengi kuliko mimi. Alikuwa amekubali kuja harusini, lakini alikuja na uso wa mtu anayetafuta ufa kwenye mtungi anaotaka kuurudisha sokoni.

Asubuhi wanawake waliteremka kivukoni na mtungi, mpiga zumari akiwa mbele. Mimi nilikuwa uani nikichoma maini. Nikasikia zumari likikatika katikati ya wimbo. Muda mfupi baadaye mke wangu Filyra akaja mbio, ushungi umemwangukia mabegani.

"Baba Melito, mto haupo."

"Haupo vipi?"

"Haupo! Jana ulikuwapo, leo haupo."

"Mmetazama vizuri?"

"Nimetazama vizuri! Ule ni mto, Timandro, si sindano!"

Nikaenda kutazama mwenyewe. Kweli haukuwapo. Palikuwa na tope, mawe, na samaki wakirukaruka. Nusu ya msafara wa harusi ilikuwa imeshasahau kilichowaleta, na watu walikuwa wanajaza samaki kwenye mitandio. Mpiga zumari alikuwa amebana zumari kwapani na anapigana na samaki mkunga kwa mikono yote miwili. Katikati ya mto mkavu, juu ya jiwe jeupe, Praksithea alikuwa amesimama wima kama mtu aliyeshinda kesi.

"Baba Melito," akaniambia, "mto umemkataa binti yako."

"Mto haujamkataa mtu, Mama Agelao. Umechelewa tu."

"Mto unachelewa? Ulikuwa umepitia wapi, kwa shangazi yake? Mimi nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini sijaona mto unamkimbia bibi harusi. Mwanangu hataoa mtu aliyekimbiwa na mto."

"Lakini mama..." alianza Agelao kutoka nyuma. Alikuwa na samaki watatu mkononi.

"Wewe shika samaki zako."

Kisha akampokonya mpwa wangu ule mtungi wa harusi na kuukumbatia kifuani. "Huu nitaushika mimi. Nitasimama hapahapa juu ya jiwe. Nawajua nyie, mtaniletea maji ya kisima mniambie ni ya mto. Jua likizama mtungi ukiwa mkavu, naondoka na mwanangu, na tusilaumiane."

Nilirudi nyumbani kumwambia Melito. Nilimkuta mlangoni, nywele zimefumuliwa tayari kwa kuogeshwa, na alikuwa ameshasikia yote, maana sauti ya Praksithea haihitaji mjumbe. Hakulia.

"Baba, jana nilimpelekea Artemi midoli yangu yote."

"Najua, mwanangu." Ndivyo wasichana wetu wanavyoaga utoto, humkabidhi mungu yule midoli yao usiku wa kuamkia harusi.

"Basi siwezi kwenda hekaluni kumwambia anirudishie. Nenda ukautafute mto."

Mtoto akikwambia hivyo huwezi kukaa ukachoma maini.

Nilijua pa kuutafuta. Siku tatu nyuma alikuwa amepita kijijini mtu mrefu kupita kiasi, amevaa ngozi ya simba na amebeba rungu nene kama mhimili wa paa. Alikula mikate kumi na sita kwa jirani yangu, akashukuru vizuri, akauliza njia ya kwenda kwa mfalme. Kila mtu alimjua kuwa ni Herakle mwana wa Alkmene, yule anayetumikia amri za binamu yake, mtawala wa Tirintho. Kazi aliyotumwa mara hii ilikuwa kusafisha mazizi ya Augea kwa siku moja. Tulicheka sana. Mazizi yale yalikuwa na ng'ombe elfu tatu, na hayakuwa yamefagiliwa tangu kabla sijaoa. Upepo ukigeuka tulikuwa tunaingiza nguo ndani.

Basi nikapanda mbio kufuata mto mkavu, shada la baba wa bibi harusi likiwa bado kichwani. Sikuwa kijana, na miguu yangu ni mifupi. Lakini nilifika kabla ya adhuhuri.

Mto nilioukosa ulikuwa umejaa pale juu. Alikuwa ameuziba kwa mawe makubwa kama nyumba, na nyuma yake maji yalikuwa yametuama na kupanda, mazito, yanangoja. Kutoka pale hadi kwenye ukuta wa mazizi alikuwa anachimba mfereji, na jembe lake lilikuwa bawa moja la lango la zizi, lililong'olewa pamoja na bawaba zake. Ngozi ya simba alikuwa ameifunga kiunoni kwa joto la kazi, kichwa cha simba kikining'inia pajani. Pembeni, juu ya kigoda, aliketi Menalko, msimamizi wa ng'ombe wa mfalme. Alikuwa amechomeka fimbo ardhini ili apime kivuli, na alikuwa anakitazama kivuli kile kwa mapenzi, kwa sababu jua likizama kazi haijaisha, mfalme wake atapata cha kucheka mwaka mzima.

Mimi sheria za kuomba hifadhi nazijua. Nilizisikiliza barazani tangu ujanani, wakati wenzangu walikwenda uwanjani kushindana kurusha visahani. Mwombaji anapiga magoti, mkono wa kushoto unakumbatia goti la mwenye nguvu, mkono wa kulia unagusa kidevu chake. Hapo Zeu mwenyewe yuko kati yenu. Asiyetaka kukubali hana ruhusa ya kukusukuma, na ukiachia kabla hajajibu, umefuta ombi lako mwenyewe. Akikubali, anakushika kifundo cha mkono na kukuinua.

Nikaruka mfereji, nikamkumbatia goti.

Kidevu sikukifikia. Nilinyoosha mkono mpaka bega likalia, niliishia kitovuni. Nikapapasa, nikakuta kidevu kingine pale pajani, chenye manyoya. Nikakishika hichohicho.

Herakle alisimama. Akainamisha kichwa, akanitazama kama mtu anayekuta paka kwenye kiatu.

"Mzee, umeanguka?"

"Naomba hifadhi!" nikasema, pumzi zimekatika. "Kwa goti lako na kwa kidevu..."

"Hicho ni cha simba," alisema Menalko kutoka kigodani. "Haikubaliki. Mpige teke, bwana, kivuli kinatembea."

"Haikubaliki kwa sheria gani?" nikamjibu.

"Kidevu kiwe cha mwombwa. Huyo mnyama amekufa. Unamwomba maiti."

"Simba aliyekufa si mwenye kidevu tena. Mwenye kidevu ni aliyemchuna. Na aliyemchuna ni nani?"

Herakle akafikiri, ilichukua muda, maana alikuwa mtu wa kufikiri kwa uangalifu, kama anavyovuka daraja bovu.

"Mzee amesema kweli," akasema. "Simba yule nilimchuna mimi. Na huyu akiwa mwombaji siwezi kumpiga teke. Baba yangu hapendi."

Baba yake, kama mjuavyo, ndiye Zeu. Menalko akatema mate.

"Haya, mzee, unataka nini?"

"Mto."

"Mto gani?"

"Huo ulioukalia!"

Nikamweleza habari za harusi, lakini nilieleza vibaya, kwa kukimbia maneno, na yeye alikuwa anatazama jua. Akatikisa kichwa.

"Siwezi kukuahidi kitu. Zamani nilikuwa naahidi ovyo. Sasa nimefungwa kwa kazi kumi, na kila nikimaliza moja binamu yangu ananitafutia mbaya zaidi. Ngoja jua lizame, ndipo tuzungumze."

"Jua likizama sina cha kuzungumza."

"Basi niachie."

"Siachii."

Akashusha pumzi. "Haya, shika. Mimi nachimba."

Akaanza kuchimba nami nikiwa gotini. Sijui niwaelezeje. Jueni tu kwamba Herakle akichimba anapiga hatua, na akipiga hatua, aliyeko gotini anapaa. Nilikuwa naona mawingu, halafu naona udongo, halafu mawingu. Shada langu lilianguka mferejini mapema. Udongo ulinijaa masikioni. Nilifumba macho na kung'ang'ania kwa mikono miwili, goti na simba pamoja, nikimtaja Zeu kila tukishuka.

"Mzee, uko?" alikuwa ananiuliza kila baada ya muda.

"Niko!"

"Samahani kwa jiwe lile."

"Endelea tu, bwana."

Jua lilipofika utosini alikaa kula. Alikuwa na paja zima la ng'ombe, kapu la mikate na vitunguu. Alikula kidogo, yaani paja, halafu akakumbuka kuwa ana mgeni.

"Hujala, mzee."

"Nikitoa mkono nimefuta ombi."

"Kweli." Akamega mkate. "Fungua mdomo. Unakula vitunguu?"

Akanilisha kwa mkono wake kama mtoto mdogo. Menalko alicheka mpaka akaanguka na kigoda. Mimi sikuona cha kuchekesha; mwombaji hana sharti la kufa njaa. Na chakula kilinirudishia akili, nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa namwomba vibaya. Nilikuwa namweleza shida yangu kabla hajaelewa shughuli yake.

"Bwana," nikamwuliza nikiwa natafuna, "mpango wenyewe ni upi? Nieleze polepole, mimi ni mkulima tu."

Akafurahi kuulizwa. Nadhani watu wengi walikuwa wanamwogopa kiasi cha kutomwuliza kitu. "Ni rahisi. Nabomoa ukuta wa zizi huku, nabomoa na kule. Nafungua mfereji. Mto unaingia huku safi, unatoka kule na samadi yote. Kwa siku moja, na sijatia hata kidole."

"Akili nyingi. Ukishatoka kule, unakwenda wapi?"

"Unarudi kwenye njia yake. Unateremka."

"Unateremka na samadi?"

"Na samadi."

"Huko chini kuna nini?"

Akafikiri tena, akivuka lile daraja lake bovu. "Sijui. Nini?"

"Mimi," nikasema. "Kuna mimi, kuna mke wangu, kuna nyumba sitini na kivuko cha kuogea mabibi harusi. Tunakunywa maji hayo, bwana. Miaka thelathini ya ng'ombe elfu tatu inatuteremkia leo jioni, na binti yangu anangoja kuogeshwa."

Alikuwa ameuacha mfupa katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Anaitwa nani binti yako?"

"Melito."

"Maji ni ya leo?"

"Ya leo, kabla ya jua kuzama. Vinginevyo hakuna ndoa."

Akautazama mto uliotuama. "Mimi nilioa kule mjini Thebe," akasema. "Maji yalikuwa masafi. Yalikuwa baridi, bibi harusi akacheka, tukamsikia mpaka nje."

Sikumwuliza zaidi. Ugiriki nzima ilijua kwa nini mtu yule anatumikia kazi zile. Nyumba yake mwenyewe, mke na watoto, ilikufa kwa mikono yake siku ambayo akili zilimtoka. Nilikuwa nimeikumbatia miguu yake tangu asubuhi, na hapo ndipo nilipotaka kuachia kwa mara ya kwanza. Sikuachia.

Hata Menalko alikuwa ameacha kutazama kivuli chake.

"Mzee," Herakle akasema baadaye, "wewe unaijua nchi hii. Maji yakitoka kule nyuma ya mazizi, yanaweza kwenda wapi zaidi ya kwenu?"

Hili nilikuwa na jibu lake. Nyuma ya mazizi kuna korongo kavu, na korongo lile linaishia kwenye uwanda wa mawe na changarawe ambako haijawahi kuota hata mbaruti. Ukichimba hatua mia mbili tu kutoka ukuta wa nyuma, kila kitu kingeteremkia kule.

Menalko aliruka wima. "Ule uwanda ni wa mfalme!"

"Na samadi ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ya... ya mfalme."

"Basi tunamrudishia mali yake. Kuna kosa hapo?"

Akatazama fimbo yake ya kivuli, lakini hata kivuli hakikuwa na la kumsaidia.

Herakle akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akaniinua. Nilikuwa nimekubaliwa. "Melito ataoga leo," akasema. "Sasa niachie goti, mzee."

"Nimeshaachia."

"Hujaachia."

Nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umelizunguka. Niliuamuru ufunguke, ukakataa. Akanibandua kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa kupe kwa mbwa anayempenda, akaniweka pembeni. Mikono yangu yote miwili ilibaki imepinda mbele yangu kwa duara, kama nimebeba pipa lisiloonekana. Nikijaribu kuinyoosha, naona nyota.

Zile hatua mia mbili alizichimba huku nikihesabu kwa sauti. Kisha akabomoa kuta, akafungua mfereji, na mto ukaingia zizini. Nimeona vita mara mbili na tetemeko la ardhi mara moja, lakini sijawahi kuona kitu kama kile kilichotoka upande wa pili. Kilitoka kwanza polepole, kama mfalme anayeamka. Halafu kilitoka chote. Palikuwa na vilima ndani yake. Palikuwa na magurudumu, na ndoo, na kibanda kizima cha mchungaji ambacho Menalko alikitambua, akasema kilipotea tangu enzi za baba yake. Vyote viliingia korongoni vikanguruma kwenda uwandani, na baada ya muda maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa meupe, na sakafu ya mazizi ilionekana. Ilikuwa ya mawe ya kuchonga, mazuri sana. Hakuna aliyekuwa anajua.

Kivuli cha fimbo kilikuwa kimerefuka. Herakle aliziba mfereji kwa udongo na lile lango, akapanda juu ya boma la mawe alilouzibia mto.

"Kimbia, mzee. Nakupa muda wa ng'ombe wale kurudi kutoka malishoni kilimani. Nikitoa jiwe la kwanza siwezi kuuambia mto ungoje."

Nikakimbia kwa njia ya ukingoni. Kukimbia na mikono ya duara ni kazi. Usipoangalia unageuka upande. Nilipofika juu ya kivuko nilisikia nyuma yangu, mbali, sauti kama mlima unakohoa. Chini, watu wote walikuwa ukingoni wamekata tamaa, wanachoma samaki. Praksithea peke yake alikuwa bado juu ya jiwe jeupe, katikati ya mto mkavu, amekumbatia mtungi, anatazama jua.

"Toka!" nikapiga kelele nikiteremka. "Mama Agelao, toka hapo! Maji!"

Kumbe kwa mbali alikuwa anaona mikono tu. Mwanamume anateremka mbio kumwelekea, mikono imefunguliwa, amejaa udongo, anaita jina lake.

"Simama hukohuko!" akafoka. "Unataka kunikumbatia ili nilegee? Na mkeo anatazama! Huna haya, Timandro?"

"Mto unakuja!"

"Ndiyo, na mimi ni malkia wa Sparta!"

"Mama, toka tafadhali," akalia Agelao.

"Sitoki! Nimesema nasimama hapa mpaka jua lizame, na nasi..."

Mto ukafika.

Haukuja kama mto. Ulikuja kama ukuta, wa kijani, safi, na baridi ya theluji ya juu. Praksithea tulimwona mara ya mwisho akigeuka, uso wake ukiwa na hasira zaidi kuliko woga. Kisha hakukuwa na Praksithea. Wanawake walipiga ukelele. Agelao alitupa samaki zake na kujirusha majini bila kungoja ruhusa ya mtu, nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaogelea kwa yale mabega yake mazuri, na kule chini penye matete akamkamata mama yake, akamvuta hadi ufukoni.

Alikuwa hai. Ushungi ulikuwa umekwenda baharini. Alikohoa, akatema samaki mdogo, akatutazama mmoja mmoja. Na kifuani alikuwa bado ameukumbatia ule mtungi. Hakuwa ameuachia hata kidogo. Ulikuwa umejaa hadi shingoni.

Jua lilikuwa kidole kimoja juu ya kilima.

Mke wangu Filyra ndiye aliyesogea. Alichungulia mtungini. "Mama Agelao," akasema kwa adabu kubwa, "maji haya yamechotwa wapi?"

Praksithea alitazama mtungi. Alitazama jiwe jeupe, lililokuwa sasa chini ya maji. Niliona wazi anatafuta ufa, anazunguka kila upande wa jambo lile, hapati.

"Kivukoni," akasema mwisho.

"Nani ameshuhudia?"

"Mimi."

"Na nani aliyechota?"

Hapo Agelao, aliyekuwa bado anatetemeka na amemshika mama yake mabegani, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mama ndiye aliyechota. Twende tukaoe."

Praksithea akamgeukia. Nilidhani atampiga. "Umejitupa majini na viatu vya harusi," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe." Akapangusa pua, akamkabidhi Filyra mtungi. "Mchukulieni msichana maji yake. Ni baridi, mumpashie."

Baadaye tulisikia kwamba kule Tirintho kazi ile ilikataliwa kuhesabiwa, eti aliyefanya ni mto, si Herakle. Kama wangeniita ningekwenda kutoa ushahidi, hata kwa miguu. Hawakuniita. Tulimtumia pia ujumbe aje ale harusini, lakini mjumbe alikuta ameshashika njia. Menalko tu ndiye aliyekuja, akala kama watu wanne, akasema uwanda wa mfalme sasa una harufu ya shamba.

Melito aliogeshwa. Maji lazima yalikuwa baridi hata baada ya kupashwa, kwa maana tulimsikia mpaka uani.

Kisha akatolewa, amefunikwa, taa zimewashwa, gari la nyumbu liko mlangoni. Hapo baba husimama mbele ya watu, hutamka kuwa anamtoa binti yake, na bwana harusi humshika bibi harusi kifundo cha mkono amwongoze. Nilitamka maneno yote bila kukosea hata moja. Lakini mikono yangu ilikuwa bado imepinda, mafuta ya moto yalikuwa hayajaisaidia kitu, na Melito, badala ya kusimama pembeni yangu, aliinama akaingia katikati ya duara lile, akasimama, kichwa chake chini ya kidevu changu.

Agelao alinyoosha mkono, akangoja. Watu wakangoja. Praksithea, amevaa nguo ya kuazima ya mke wangu, akaguna.

"Baba Melito, mwachie basi, jua limeshazama."

"Siwezi," nikasema. "Imekwama."

Uani kote watu wakaangua kicheko. Filyra na mpiga zumari wakashika mkono mmoja kila mtu, wakavuta. Nikaona nyota zote za mbinguni kwa pamoja. Duara likafunguka kidogo, upana wa msichana mmoja. Melito akainama, akatoka kwa upande wa pili, shada lake likanasa kwenye kiwiko changu, akarudi hatua moja kulichukua, akaenda.